Siku Familia ya Boabdil Ilipohama Alhambra

Wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walipenda kuchora watu wanaoagana. Walichora wafalme wakiwakumbatia watoto wao usiku wa mwisho kabla ya kuuawa, na wafungwa wakishikiliwa na wake zao huku askari wakisubiri. Francesco Hayez wa Italia na Eugène Delacroix wa Ufaransa, kila mmoja kwa wakati wake, walimchora Jacopo Foscari, mwana wa mtawala wa Venice, akitenganishwa na jamaa zake ili apelekwe uhamishoni Krete. Historia iliingia katika picha hizo kupitia mlango wa nyumba. Vita na mikataba vilikuwa vimekwisha kusemwa na wanahistoria, kwa hiyo mchoraji alitafuta dakika ile ambapo mama anashika mkono wa mwanawe akijua kwamba huenda hatamwona tena.

Miongoni mwa picha hizo kuna moja inayostahili kutazamwa polepole. Ilichorwa karibu na mwaka 1880 na Manuel Gómez-Moreno González, mzaliwa wa Granada, kusini mwa Uhispania. Inaonesha familia ya Boabdil ikitoka katika kasri la Alhambra, na ndivyo ilivyoitwa. Kichwa cha picha hakitaji ushindi wala kusalimu amri. Kinataja familia, na waliobeba uzito wa turubai hiyo kubwa ni watu wa nyumbani.

Boabdil ndivyo Wahispania walivyolitamka jina la Abu Abdillahi Muhammad, sultani wa mwisho wa ukoo wa Banu Nasr. Waislamu walikuwa wametawala sehemu za nchi ile tangu mwaka 711, na kufikia mwisho wa utawala wake kilichobaki mikononi mwao kilikuwa Granada na mabaki ya ardhi iliyouzunguka mji. Tarehe 25 Novemba 1491 mapatano ya kuukabidhi mji yalitiwa saini. Tarehe 2 Januari 1492 Isabel wa Castilla na mumewe Fernando wa Aragón wakaupokea. Christopher Columbus alikuwapo siku hiyo. Aliandika baadaye kwamba aliziona bendera za wafalme juu ya minara ya Alhambra na akamwona sultani akitoka nje ya lango la mji. Mwezi wa nane wa mwaka huohuo aling'oa nanga kuelekea magharibi.

Siku ile ya kukabidhi mji ilichorwa na Francisco Pradilla kwa agizo la Seneti ya Uhispania, akaimaliza picha mwaka 1882. Picha yake ina upana wa mita tano na nusu, na mpaka leo imo katika jumba la Seneti mjini Madrid. Ukiisogelea, kinachokushika kwanza ni tope. Barabara imelowa, magurudumu yameichimba mifereji mirefu, na maji yametuama humo. Upande wa kulia wanasubiri washindi, Isabel juu ya farasi mweupe, Fernando kando yake, na nyuma yao msafara wa mabwana na mikuki. Kutoka kushoto anakuja Boabdil juu ya farasi mweusi, funguo mkononi, na kijana mweusi anatembea kwa miguu akimwongoza farasi. Mbali kwenye kilima linaonekana kasri. Pradilla alikuwa fundi hodari, na tope lile ni la kweli kuliko mengi yaliyoandikwa kuhusu siku hiyo. Lakini hii ni picha ya makabidhiano. Watawala wanakutana, funguo zinahama mkono, na waliokuwa wakiishi nyuma ya milango hiyo hawaonekani.

Miaka kumi na mitatu kabla yake, mwaka 1869, Mfaransa Alfred Dehodencq alikuwa ameonesha Paris picha ya Boabdil akiiaga Granada. Dehodencq alikuwa ameishi Uhispania na kusafiri Moroko kwa miaka mingi, na turubai yake ya kusimama wima sasa iko katika Makumbusho ya Orsay. Mfalme yuko juu ya farasi, amegeuka nyuma kuutazama mji anaouacha. Huzuni ipo, tena kubwa, lakini ni huzuni ya mtu mmoja aliye juu ya wenzake. Nani aliyemwandalia mzigo asubuhi ile? Nani aliyefunga milango ya vyumba? Dehodencq hana nafasi ya maswali hayo.

Nafasi yenyewe ilikuwa imekwisha kujazwa na kisa kimoja, ambacho karibu kila mtu aliyewahi kulisikia jina la Boabdil amesimuliwa. Kisa kinasema kwamba msafara ulipofika kwenye kipito cha milima kusini mwa mji, Boabdil aligeuka, akaitazama Granada kwa mara ya mwisho, akashusha pumzi na kulia. Mama yake, Bi Aisha, akamwambia kwamba ana haki ya kulia kama mwanamke kwa kuwa hakuweza kuulinda mji kama mwanamume. Kipito hicho mpaka leo kina jina la pumzi hiyo, na Pradilla naye aliichora, akaimaliza mwaka 1892, miaka mia nne kamili tangu mji kuanguka.

Maneno hayo ya mama yalitoka wapi? Yalienezwa na Antonio de Guevara, askofu na mwandishi wa jumba la Mfalme Carlos V, katika barua zake zilizochapishwa kuanzia mwaka 1539. Alidai kwamba aliyasikia kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyebatizwa, alipokuwa Granada pamoja na mfalme mwaka 1526. Huo ulikuwa mwaka wa thelathini na nne tangu Boabdil kuondoka. Guevara huyuhuyu alikuwa mashuhuri kwa kubuni. Aliwahi kutunga barua nzima nzima na kuzipachika jina la Marcus Aurelius, mfalme wa Roma ya kale. Kisa cha machozi kilimfaa sana. Kilimfanya aliyeshindwa aonekane mnyonge, na kikamfanya mama yake mzazi awe shahidi wa upande wa washindi. Mwaka 1829 Mmarekani Washington Irving alikisimulia upya katika historia yake ya kutekwa kwa Granada, na kutoka hapo kikaenea kote Ulaya. Irving alimwonea Boabdil huruma na kumtetea dhidi ya tuhuma nyingine nyingi, lakini neno la mama lilikwisha kuota mizizi.

Ni vigumu kuliamini neno hilo ukiyafuata maisha ya Bi Aisha. Mumewe, Sultani Abul Hasan, alimweka kando kwa ajili ya Thurayya, mwanamke wa Kikristo aliyetekwa vitani na kusilimu. Bi Aisha akasimama kuipigania haki ya wanawe, na mwaka 1482 Boabdil akakikalia kiti cha baba yake kwa msaada wake. Mwaka uliofuata Boabdil alitekwa katika vita vya Lucena. Katika vita hivyohivyo mkwewe Ali Atar, baba wa mkewe Morayma, aliuawa. Kwa hiyo siku moja ilimwondolea Morayma baba na mume pamoja. Bi Aisha alihangaika huku na huku mpaka mwanawe akaachiliwa, na baadaye akaandamana naye katika kila hatua ya kushindwa. Mama wa namna hiyo huweza kukasirika, tena kwa maneno makali. Lakini kumsimamisha juu ya kilima atoe hukumu ambayo adui angependa kuisikia kunahitaji ushahidi kuliko barua ya Guevara.

Na Boabdil hakuachiliwa bure. Wafalme wa Castilla na Aragón walidai rehani, na mojawapo ya rehani hizo ilikuwa mwanawe Ahmed, mtoto mdogo ambaye hakuwa na ufahamu wowote wa siasa. Kwa miaka zaidi ya minane mtoto huyo alilelewa mikononi mwa maadui wa baba yake, kwa muda mrefu katika ngome ya Moclín, kaskazini mwa Granada. Alirudishwa mji ulipokabidhiwa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wazee wamesema, na hapa uchungu huo uliingia moja kwa moja katika hesabu za dola. Anayemlaumu Boabdil kwa kutia saini na amfikirie Morayma, aliyekuwa akihesabu miaka ya mtoto wake kwa habari za wajumbe.

Hapo ndipo picha ya Gómez-Moreno inapopata nguvu yake. Kuiaga Granada kulikuwa kuagana na mambo mengi kwa wakati mmoja, na sultani alikuwa sehemu tu ya mambo hayo. Kwa familia ile, kilio cha kuupoteza mji na shukrani ya kumpata mtoto vilikuja katika majuma yaleyale ya baridi. Hakuna sentensi moja ya dharau inayoweza kubeba hayo yote. Turubai inaweza, kwa sababu inawaruhusu watu wengi kuwa na nyuso zao kwa pamoja, na haimlazimishi yeyote kusema neno la kukumbukwa.

Mchoraji huyu alikuwa na jambo jingine ambalo Pradilla na Dehodencq hawakuwa nalo. Alikuwa mtafiti wa mambo ya kale. Aliijua Granada kwa mawe yake, akaandika kitabu cha kuwaongoza wageni wa mji kilichochapishwa mwaka 1892 na ambacho wanahistoria bado wanakifungua, na akamlea mwanawe, Manuel pia, aliyekuja kuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa historia ya sanaa ya Kiislamu nchini Uhispania. Mtu wa namna hiyo alijua kwamba Alhambra ilikuwa nyumba. Ilikuwa na majiko, mabirika, vyumba vya kulala na bustani za mboga. Wasafiri wa karne yake walikuja kuutazama uzuri wa kuta zilizoandikwa kwa Kiarabu kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Yeye aliona watu waliokuwa wakizipita kuta hizo kila siku wakienda kuteka maji.

Picha yenyewe imehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Granada, na makumbusho hayo yako ndani ya Jumba la Carlos V, lililojengwa juu ya kilima kilekile cha Alhambra, ubavuni mwa makasri ya Banu Nasr. Carlos ndiye mfalme aliyehudumiwa na Guevara. Alikuwa mjukuu wa Isabel na Fernando, na mwaka 1526 alikuja hapo na bibi harusi wake. Leo mgeni akitoka kwenye chumba chenye picha hiyo anahitaji dakika chache tu za miguu kufika kwenye vyumba ambavyo familia ile ilivihama.

Kuna waliohama ambao hakuna mchoraji aliyewachora. Kabla ya kuondoka, Boabdil aliruhusiwa kuichukua mifupa ya masultani wa ukoo wake, na makaburi ya kifalme ya Alhambra yakafukuliwa. Wafu walipelekwa Mondújar, kijiji kilicho kusini, kwenye njia ya kuelekea milima ya Alpujarra ambako familia ilipewa mahali pa kuishi. Aliyehama na kuacha makaburi ya wazee wake anaelewa kwa nini mtu aliyepokonywa kila kitu angejishughulisha na mifupa. Mwaka 1493 Morayma naye akafariki, akazikwa hukohuko Mondújar. Miezi michache baadaye Boabdil, mama yake na waliobaki walishuka bandarini Adra, wakavuka bahari kwenda Moroko. Kwa hiyo Morayma, aliyemsubiri mume na mtoto, hakuvuka. Alibaki na wafu wa ukoo wa mumewe katika nchi iliyokuwa imekwisha kuchukuliwa.

Msafara uliishia Fez. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuukumbuka mji huo. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alizuru pia Granada karibu na mwaka 1350. Sultani alikuwa mgonjwa na hakuonana naye, lakini mama wa sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Huko Granada alikutana na kijana msomi, Ibn Juzayy. Muda mfupi baadaye kijana huyo aliuacha mji wake na kuhamia Fez, na ni yeye aliyeandika kwa kalamu yake safari zote za Ibn Battuta kama zilivyosimuliwa. Kwa hiyo maelezo yale mashuhuri ya Kilwa, ya sultani wake mkarimu na nyumba zake za miti, yalihifadhiwa Fez na mkono wa mtu aliyekwisha kuiaga Granada, zaidi ya karne moja kabla ya Boabdil. Njia ya kutoka Granada kwenda Fez ilikuwa imekanyagwa na wengi kabla ya familia hii, wenye heshima na wasio na heshima.

Al-Maqqari, mwanahistoria wa karne ya 17 aliyeandika kitabu kikubwa kuhusu Andalusi, yaani Uhispania ya Waislamu, alisimulia kwamba katika zama zake wazao wa Boabdil walikuwa bado Fez, wakiishi kwa sadaka za wakfu zilizotengewa maskini. Hakuwadharau. Aliandika kama mtu anayetoa taarifa ya jamaa walioanguka, na inapendeza kuisoma habari hiyo baada ya kisa cha Guevara, kwa sababu hapa hakuna anayeambiwa alie au asilie.

Lakini masultani ni wachache, na waliobaki Granada walikuwa wengi. Mapatano ya 1491 yaliwahakikishia dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Hayakudumu hata miaka kumi. Kuanzia mwaka 1499 watu walibatizwa kwa shuruti, na mwaka 1502 Waislamu wa Castilla walitakiwa kuchagua kati ya ubatizo na kuondoka. Mayahudi walikuwa wamekwisha kutangulia, kwa kuwa amri ya kuwafukuza ilitolewa ndani ya Granada yenyewe tarehe 31 Machi 1492, hata miezi mitatu haijatimia tangu mji ukabidhiwe. Kati ya 1609 na 1614 wazao wa Waislamu waliobatizwa, waliojulikana kama Wamorisko, nao walifukuzwa Uhispania nzima, watu wapatao 300,000. Amri ya Valencia ya mwaka 1609 ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba watoto wasiofika miaka minne wanaotaka kubaki wanaweza kubaki, wazazi wao wakiridhia. Kifungu hicho kinahitaji kusomwa mara mbili. Mtoto wa miaka mitatu aliulizwa kama angependa kuachwa.

Kufukuzwa huko kulichorwa pia. Diego Velázquez alichora picha yake mwaka 1627, akashindanishwa na wenzake na kuwashinda, lakini picha ikateketea katika moto wa kasri la Madrid mwaka 1734. Zilizobaki ni picha zilizochorwa Valencia mwaka 1612 na 1613 kwa amri ya Mfalme Felipe III, ambaye ndiye aliyetoa amri ya kufukuza. Zinaonesha bandari moja baada ya nyingine, Valencia, Denia, Alicante, Vinaròs, pamoja na kushuka kwa Wamorisko Oran, ng'ambo ya bahari. Wachoraji walikuwa mafundi wa kawaida, na waliagizwa waoneshe kazi iliyotekelezwa vizuri, yaani vikosi katika safu, merikebu nyingi, na halaiki ya watu wadogo wadogo ufukweni.

Hata hivyo waliyachora waliyoyajua. Katika picha ya Denia, kazi ya Vicent Mestre, Wamorisko wanaosubiri kupakiwa hawakuketi wakilia tu. Wanawake wanacheza ngoma, na wanaume wamekamatana mieleka huku wengine wakitazama. Hakuna mchoraji wa karne ya 19 ambaye angethubutu kubuni kuagana kwa namna hiyo, kwa kuwa mtindo wao ulitaka machozi na shingo zilizoinama. Watu wa Denia, katika saa zao za mwisho kwenye ardhi ya Uhispania, walifanya walichokuwa wakifanya siku za harusi na siku za mavuno, kwa miguu yao wenyewe, mbele ya askari waliowalinda.